Samadi ya Gelle

Mathenge ni mti usio na haya. Ukiukata juu, umeunyoa tu, na baada ya siku chache utaukuta umechipua tena kwa kiburi zaidi. Arbia alilijua hilo, ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti katika shamba lake kando ya Tana, jua la Garissa likimchoma mgongo, akichimba mche mmoja kwa sururu mpaka aufikie mzizi. Mche wenyewe ulikuwa mfupi kuliko kanga aliyojifunga, lakini mzizi wake ulishuka chini bila dalili ya kuisha. Mvua kubwa ya msimu wa Gu ilikuwa njiani, mawingu yamekwisha kuanza kujikusanya, naye alitaka ardhi iwe safi apande nyanya, kunde na matikiti.

"Abaayo, dada yangu, kazi hii utaifanya peke yako mpaka lini?" aliuliza Khadra, mwenye shamba la jirani, akiwa ameegemea jembe lake. "Si umwite aliyekuletea balaa hili?"

"Punguza ulimi, Khadra."

"Kwani nimesema uongo?"

Hakusema uongo, na hapo ndipo palipouma.

Aliyeleta balaa alikuwa Gelle, mume wa Arbia. Gelle alikuwa mtu wa ng'ombe, amezaliwa kwenye ng'ombe huko upande wa Kotile, akaoa kwa ng'ombe, na akadhani atazeeka nao. Ukame ukaja ukawafagia wote. Walipohamia mjini Garissa alitandika mkeka nyuma ya nyumba akajilaza. Hakuwa mgonjwa. Alilala tu, uso ukutani, na chakula alikila kwa kubembelezwa kama mtoto. Arbia alipopata kipande cha shamba karibu na mto, Gelle alisema kwamba katika ukoo wao hakuna aliyewahi kushika jembe, kisha akageukia ukuta wake.

Halafu siku moja, kabla ya mvua fupi za mwaka uliopita, alimsikia mkewe akilalamika kwamba udongo umechoka. Aliinuka, akaenda kwa Hirsi, jirani anayefuga mbuzi, akafagia zizi lote, akapakia samadi kwenye mkokoteni wa punda na kumwongoza punda mwenyewe katikati ya mji mpaka mtoni. Aliimwaga na kuitandaza kwa mikono yake. Jioni hiyo aliomba chakula bila kubembelezwa. Kuanzia hapo akawa anatoka, anakwenda soko la mifugo kupiga gumzo na wazee wenzake, anarudi na habari na vichekesho. Wapo wanawake waliopewa dhahabu wasifurahi kama Arbia alivyoifurahia samadi ile.

Kumbe mbuzi wa Hirsi, majani yalipokauka, walikuwa wanashindia maganda matamu ya mathenge. Mfugaji yeyote anajua kwamba mbegu zake hupita tumboni mwa mbuzi salama salimini. Lakini mfugaji asiye na shamba hana sababu ya kujiuliza mbegu hizo huishia wapi. Mvua ziliponyesha, mboga za Arbia zilisongwa na mathenge kila kona.

Hakumwambia mumewe. Angemwambiaje? Kila jioni Gelle aliuliza, macho yaking'aa, "Samadi yangu inafanya kazi?" Naye alijibu, "Inafanya kazi sana, Baba Mustafe," kisha akamwekea chai. Akitaka kwenda kuliona shamba, Arbia alimzuia kwa kisingizio cha jua kali. Mchana akachimba, akachoma miche, akajitia kwamba mgongo hauumi. Alikuwa tayari kuchimba mpaka azeeke, mradi ule mkeka usimmeze tena mumewe.

Lakini siku hiyo mwiba ulimpenya kiganja, na kufikia alasiri mkono ulikuwa umevimba kama andazi. Gelle aliuona wakati wa kumiminiwa chai.

"Mkono una nini?"

"Mwiba tu. Mathenge imeota kidogo shambani."

"Imefikaje huko?"

"Labda upepo umeleta mbegu."

Gelle aliweka kikombe chini kabla hajakionja, akaenda nyuma ya nyumba na kujilaza. Arbia alipochungulia alimkuta amegeukia ukuta. Alijilaumu kwa kuutaja huo mti, akajilaumu hata kwa kuumia.

Asubuhi alikuta mkeka mtupu. Aliuliza kwa Hirsi, akauliza msikitini, hakuna aliyemwona. Huenda amerudi Kotile kutangatanga penye mifupa ya ng'ombe wake, aliwaza, akakimbia kwenda mtoni kumwomba Khadra amsaidie kutafuta.

Khadra alikuwa amesimama kimya, jambo ambalo si la kawaida kwake. Aliashiria kwa kidevu. Katikati ya shamba, Gelle alikuwa amepiga magoti, kikoi amekikunja, sururu mkononi, na pembeni yake lundo la miche na mizizi yake mirefu.

"Upepo, Arbia?" alisema bila kugeuka. "Tangu lini mbegu ya mathenge ikapeperushwa na upepo? Nimechunga tangu sijaota ndevu. Nililala nikiiwaza mbegu hiyo, nikaifuata mpaka zizi la Hirsi, mpaka kwenye mikono yangu hii."

"Niliogopa utarudi kulala."

"Nilirudi kulala. Usingizi ukanikataa." Alifuta uso kwa mgongo wa mkono na kujipaka udongo shavuni. "Nikawa nakuona umepiga magoti hapa, unachimba makosa yangu, halafu jioni unanisifu. Ng'ombe walipokufa nililala, wewe ukaamka ukatafuta riziki. Na wewe ndiye uliyekuwa ukiwakamua! Wewe ndiye uliyewalea ndama wao. Wallahi, watu wote walikuja kunipa pole mimi, na mimi nikazipokea zote. Wewe sikuwahi kukuuliza hata siku moja."

Arbia alitaka kusema kwamba haidhuru, kwamba yamekwisha, maneno ambayo amekuwa akiwaambia watu wote. Hayakutoka.

"Ulimlilia ng'ombe yupi?" Gelle akauliza.

"Sikumlilia yeyote. Nani angepika?"

"Basi ungemlilia yupi?"

Arbia aliketi palepale kwenye udongo uliochimbuliwa, mkono wake uliovimba mapajani.

"Gududo," alisema. "Yule mwekundu." Akaanza kulia kwa sauti, na Gelle akaweka sururu chini, akasogea karibu, akamwambia amsimulie habari za Gududo.