Sinia Mbili za Mukonyo

Mukonyo alikaa mtaa wa Satellite, lakini watu walimjua pale Adams Arcade alikouzia ndengu miaka thelathini. Ndengu zake hazikuwa na mawe, hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake. Alizichagua mwenyewe kwenye sinia, zote, ndipo ziingie gunia. Basi siku moja Wahu, mteja wa tangu zamani, akamrudia ameshika shavu.

"Mama Kitheka, umenivunja jino! Na nilikuwa nimebaki na manne tu ya kazi."

Watu wakacheka. Mukonyo alikuwa akimwangalia Wahu usoni, na pale pua inapokaa hakuona pua, ni ukungu tu. Kando aliona vizuri, hata kuku akipita.

Kliniki moja ya macho mjini ikamwambia ni uzee wa macho, ule mkavu, unaokula katikati. Wakamwandika kwenye utafiti wa dawa mpya, jicho la kulia. Kuna kichembe cha dawa, kidogo kuliko punje ya mchele, kinaingizwa jichoni kwa sindano, kinayeyuka ndani polepole. Lakini wagonjwa wengine wanaguswa jicho tu kwa bomba lisilo na sindano, na hakuna anayeambiwa yuko upande gani mpaka utafiti uishe.

"Haturudishi kilichoenda, mama," Daktari Awiti alimwambia. "Tunajaribu kuona kama dawa itapunguza mwendo."

"Sawa," akasema Mukonyo.

Lakini kungoja mwaka mzima hakuweza, akaanza kujipima mwenyewe. Kila Jumamosi Janice, mke wa mwanawe Kitheka, alimchanganyia mawe kumi kumi kwenye sinia mbili za ndengu. Sinia ya kwanza Mukonyo aliichagua kwa jicho la kulia, ya pili kwa la kushoto, lingine amelifunika na leso. Mwezi wa kwanza kila jicho likapata mawe sita. Wa tatu, manne kwa manne. Janice alikuwa akiona uso wa mama mkwe ukizidi kunyamaza.

Mwezi wa tano, jicho la kulia likapata tisa. La kushoto matatu.

"Mama, imeshika!" Janice akapiga makofi. "Uko kwa wale wa dawa ya ukweli!"

Mukonyo akayaviringisha yale tisa kiganjani. Yalikuwa makubwa, yenye kona. Mawe ya shambani huwa laini, saizi ya ndengu yenyewe.

"Janice, hizi ni kokoto za mjengo wa jirani."

Janice akainama. "Nilitaka tu ufurahi, Mama."

"Najua."

Hakukasirika. Wala hakulia. Alijihisi kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

"Kuanzia leo uchague wewe," akasema, akamsukumia sinia.

Jumatatu Wahu akapita kununua kilo moja.

"Hizi umechagua?"

"Amechagua Janice."

"Na kliniki je?"

"Naenda Alhamisi. Watanigusa tena."

Wahu akachota ndengu kiganjani, akazitazama juani moja moja, kitu ambacho hakuwahi kufanya miaka hiyo yote. Mukonyo aliuona ule mkono kwa kando ya jicho. Akamngoja amalize.