Kofia Moja ya Mkuyuni

"Hiyo kofia siivai. Inanuka jasho la soko zima, halafu mnaniambia usafi."

Mwaija alisema hivyo upawa ukiwa mkononi. Mbele yake karai lilikuwa linakaanga mapanki, yale mafupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani minofu ikishasafirishwa kwa Wazungu. Kipindupindu kilikuwa kimeingia mjini, na Bwana Afya Luhende alikuja na sheria mpya: kila muuza chakula avae kofia nyeupe, na vitambaa vya dini vivuliwe sokoni.

Sasa tazama wanawake wa soko la Mkuyuni walivyoitii. Walinunua kofia moja. Luhende akimaliza meza hii, kofia inapitishwa nyuma ya vibanda, inamsubiri kwenye meza inayofuata juu ya kichwa kingine. Ukingo wake ulikuwa mweusi kama tambara la kuepulia sufuria, na mzee mzima anaandika "safi".

Ushungi wa Mwaija ulifuliwa kila jioni kwa sabuni ya mche. Na karai lile ndilo lililomlisha yeye na binti yake Nusrat tangu mumewe, Yahaya, afariki.

"Vua, au nabeba karai," Luhende alisema.

"Na huyu?" Mwaija alimwonyesha jirani yake Getruda, aliyejifunga kilemba cha kitenge.

"Hicho cha kawaida. Chako cha dini."

"Kumbe kipindupindu kinauliza kwanza mtu anasali wapi." Mwaija akatema mate pembeni.

Luhende akakunja gazeti la kufungia samaki ili asiungue, akashika karai. Hapo Getruda akainama, akavuta mtandio mweusi uliofunika ndoo yake ya samaki. Aliuazima kwa Mwaija siku ya kumzika Yahaya, na kila akidaiwa alisema bado uko kwenye maji. Akavua kilemba, akajitanda mtandio mpaka kidevuni, rozari ikining'inia juu yake.

"Haya, Bwana Afya. Hiki nacho cha dini gani? Ukishajua, beba na karai langu."

Luhende akautazama mtandio, kisha ushungi. Mwaija akamsogezea ile kofia. "Au anza kuvaa wewe, baba. Si ni safi, umeandika."

Akaipokea, ikamfikia puani, uso ukamkunjika kama aliyemeza nyongo ya samaki. Akaitupa mtaroni, akaliacha karai, akaondoka akijifuta vidole kwenye suruali.

Getruda akauvua mtandio. "Chukua mali yako, Mama Nusrat. Usinidai tena."

Mwaija akaunusa, akaurudisha upesi. Magamba yalikuwa yameganda kwenye pindo.

"Kaa nao, nimekusamehe. Ila kesho uje umeufua."