Mshahara wa Alimasi Uliohamia Lubumbashi

Alimasi ni mzaliwa wa Kolwezi. Miaka tisa iliyopita, alipoajiriwa kuwa direkta wa usafirishaji katika kampuni ya malori, kontra, yaani mkataba wa kazi, ilimuuliza mahali pa kuajiriwa, naye akaandika jina la mji wake kwa majivuno. Baba yake alikuja kutoka Kasongo na lori bovu, akakaa mpaka akazikwa hapa Kolwezi. Angeandika wapi tena? Hakujua kwamba wenzake waliolala Kolwezi mwaka mzima walijiandika watu wa Lubumbashi au Kinshasa.

Alijua mwaka huu tu, aliposikia kuwa Hénock, direkta mwenzake wa Lubumbashi, asiye na lori hata moja uani, analipwa karibu mara mbili yake. Akampigia simu Rachelle, mkuu wa wafanyakazi.

"Tata Alimasi, salaire inafwata ville, mushahara inafwata muji," alisema Rachelle kwa upole. "Lubumbashi iko ya kwanza. Kolwezi iko ya tatu, sawa na Kapanga."

"Lakini shaba inatoka huku! Na loyer, kodi ya nyumba, ya huku inapita ya kule!"

"Ni tablo ya mishahara, tata. Haiko mi niliiandika."

Alikata simu. Kapanga! Huko lori hukwama matopeni wiki nzima. Huyo aliyepima miji alikuwa amekaa wapi? Labda tablo iliandikwa kabla watu wa Kasulo, mtaa wa hapa Kolwezi, hawajaanza kuchimba kobalti chini ya vitanda vyao.

Rachelle akamtafutia njia: kwenye karatasi ahamie Lubumbashi, kisha aje Kolwezi kikazi wiki tatu kila mwezi, ale na kulala hotelini, kampuni ilipe. Alimasi alisoma barua ya uhamisho mara nne, asielewe kazi ni ipi na safari ni ipi. Mama yake, Kadija, aliyeishi naye, hakutaka asaini.

"Mi siendi kokote. Baba yako iko hapa. Na weye, utakuwa mutu ya wapi?"

"Mama, ni karatasi tu."

Akasaini. Alichoka kuwa nusu ya Hénock, na hiyo ilimuuma kuliko alivyotaka kukiri.

Jumatatu ya kwanza alipewa chumba katika hoteli iliyo barabara mbili tu kutoka kwake. Saa sita mchana Kadija akaja na bukari, ugali wa huko, na sombe ya majani ya muhogo, amevifunga kwenye kitambaa. Alimasi, akishuka ngazi, alimsikia mlinzi akimuuliza anatafuta nani.

"Mutoto yangu. Mutu ya hapa."

"Humu hamuna mutu ya hapa, mama. Kuko tu direkta mumoja ya Lubumbashi."

Kadija alimwona mwanawe pale ngazini. Akamtazama sana, toka viatu mpaka tai.

"Basi haiko wangu," alimwambia mlinzi, akajitwika chakula chake akaenda.