Kinga Iliyobaki kwa Mshonaji

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa Elisabethville, kule Kongo, walikuwa na mechi, baa na dansi za Jumapili. Mimi nilikuwa na kiti changu kwenye barza ya baba mkubwa, katika kambi ya wafanyakazi wa reli. Kutoka ofisini nilikokuwa karani hadi kwenye kiti hicho nilisimama mahali pamoja tu: kwa mshonaji, mjane kijana aliyenigeuzia kola za mashati. Kola zangu, sijui kwa nini, zilichakaa kila wiki.

Siku moja, miaka ile ya hamsini, mkubwa wangu wa kazi alitupa gazeti la Kifaransa. Nililiokota, nikasoma maneno ya daktari mmoja wa akili. Mtu, alisema, ana akili anayoijua na nyingine asiyoijua, inconscient, na hiyo ya pili ndiyo inayoota na kusahau, kwa sababu zake yenyewe. Nilielewa papo hapo. Ni kama nyumba: barzani, pale mbele, unapokea wageni na kusema "ndiyo, baba". Mambo yenyewe yanapikwa jikoni, nyuma ya nyumba.

Chakula kilinishinda jioni ile. Kesho yake nikaanza kutibu kambi nzima. Jirani aliyeota anafukuzwa na treni nilimweleza anamwogopa mkewe. Baba mkubwa alipopoteza wembe kabla ya misa, nikamwambia jikoni kwake hawataki misa.

"Shule yote ile," akasema, "na ndiyo hii umeleta nyumbani?"

Yeye alikuwa na shughuli nzito. Jumamosi angepanda treni kwenda kwetu kaskazini, kunitolea mali ya ndoa kwa msichana nisiyewahi kumwona. Blanketi za mali hiyo zilikuwa zimekwisha kufungwa kwa kamba. Mali ikipokelewa, hakuna kurudi nyuma. Niliulizwa, nikajibu kwa sauti ya barza: "Ndiyo, baba, nimefurahi."

Alhamisi nikafika nyumbani kwa miguu. Kambo, bibi yangu aliyemzaa baba mkubwa, alikuwa anachagua maharagwe. Kwetu kambo humwita mjukuu bwana yake, na kwa utani huo humwambia ambayo wengine hawawezi.

"Bwana yangu, kinga iko wapi?"

Kinga ndiyo baiskeli. Niligeuka kutazama nyuma, kana kwamba ingekuwa inanifuata kama mbwa.

"Nimeisahau kwa mshonaji."

"Juzi ulisahau kofia. Kabla ya pale, koti. Leo kinga muzima. Kesho utasahau miguu, tukuletee bukari ukulie kule?"

"Nilikuwa nawaza, Kambo."

"Ile akili ya jikoni unahubiria bantu bote, kwako inapika nini?"

Nilifungua mdomo, pakatoka kicheko. Kofia, koti, kola, vyote vilikuwa vinasema kitu kimoja, na mimi, daktari wa kambi, nilikuwa nimemruka mgonjwa mmoja. Nilitaka kukimbia barabarani nikawaambie watu gazeti lilisema kweli. Kisha nikakumbuka Jumamosi.

Kumkatalia baba mkubwa uso kwa uso, mtoto hafanyi. Kambo alifanya. Asubuhi alikwenda akakalia furushi la blanketi.

"Mimi ndiye muke mukubwa wa huyu bwana. Muke wa mbali namukataa. Nataka mwenzangu anajua kushona, blauzi yangu imepasuka."

Utani wa kambo haujibiwi kwa hasira. Baba mkubwa alinigeukia. "Na wewe?"

Safari hii sauti haikutoka barzani. "Kambo anasema kweli, baba."

Akavuta kamba. "Simama, mama, nifungue. Na wewe utaandikia wale bantu ba kaskazini mwenyewe. Sekondari ifanye kazi."

Jioni nilikwenda kwa mshonaji. Kinga ilikuwa ndani, imefutwa vumbi.

"Leo umeleta shati gani?"

"Sina shati."

Aliuondoa mguu kwenye mashine. Tuliongea mpaka mkaa wa pasi ukazimika, na hakuna shati lililotajwa tena. Mwishowe nikaaga, nikashika njia kwa miguu, ninapiga mluzi.

"Bwana karani," aliita kutoka mlangoni, "kinga."

"Najua," nikasema.