Vichwa vya Shaba vya Babu Aminieli

Wakuu, mmewahi kuona watu wazima, wana akili zao timamu, wamewasha tanuru mchana kweupe ili wachome vichwa vya watu?

Mimi nilikuwepo. Ila sikuona kitu, maana nilikuwa tumboni mwa mama yangu.

Kwa hiyo haya ni ya mama, anaitwa Wema. Kayasimulia mara nyingi mpaka sasa yananitoka kama nilisimama pale mwenyewe. Anayebisha aende Kisiwani, wilaya ya Same, akaulize.

Mwaka 1974. Operesheni Vijiji. Mvua imekataa, mahindi yamekauka yangali machanga, ng'ombe wanakufa, na amri imetoka: kila mtu ahamie kijiji kipya.

Baba yake mama, babu Aminieli, alikuwa mzaliwa wa Gonja kule milimani, akashuka kulima tambarare. Wakati wa vita vya Hitler, Mwingereza alimchukua akampeleka Misri. Hakwenda kupiga bunduki, alikwenda kuchimba. Mahandaki, vyoo, makaburi. Alirudi na koti moja, kikohozi, na kopo la chai.

Ndani ya kopo mlikuwa na visarafu vya shaba, vingine havizidi ukucha. Vya Warumi wa kale. Upande huu kichwa cha Kaisari, upande wa pili askari anamchoma mkuki mtu aliyeanguka na farasi. Vile vya miaka ya baadaye, Kaisari anakukazia macho uso kwa uso, na mkononi kashika tufe lenye msalaba.

Babu alikuwa mgonjwa wa hivyo vitu, nawaambia. Jumapili akitoka kanisani anajifungia ndani, anavilowesha kwenye mafuta ya ufuta, kisha anachokoa udongo kwa mwiba wa mgunga, polepole, asije akakwaruza ule ukijani wake.

Mama akiwa mdogo aliwahi kukiiba kimoja akakisugua kwa jivu na ndimu, kiking'ae, amfurahishe baba yake. Babu hakumpiga. Alikaa kitandani akalia. Mama anasema bora angechapwa.

Kulikuwa na Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge, naye ana ugonjwa huo huo. Walikuwa wakibadilishana, au babu anapeleka jogoo anarudi na Kaisari. Bibi yangu alinuna mpaka anaingia kaburini. Mkonge ulipotaifishwa Mgiriki akaenda zake, babu akabaki na ugonjwa wake peke yake.

Sasa, siku ya kuhama.

Lori limesimama, watu wanarusha vitanda na vyungu. Kopo likateleza kwenye mzigo, likadunda chini, kifuniko huko, shaba huku, mbele ya kadamnasi.

Wa kwanza kuinama alikuwa bibi Rahabu, mjane wa jirani. Mwanawe wa pekee, Rubeni, alikwenda vitani pamoja na babu. Babu alirudi. Rubeni hakurudi.

Bibi Rahabu akaokota kimoja, akakisogeza karibu na macho.

"Hiki ni kichwa cha mtu!"

Akaokota kingine. "Na hiki! Vyote vichwa! Aminieli, umelala na vichwa vya watu miaka yote hii?"

Hapa niwaeleweshe msiojua mambo ya kwetu. Mpare wa zamani akifa anazikwa, halafu baada ya miaka kichwa chake kinafukuliwa, kinapelekwa kwenye pango la ukoo akakae na wenzake. Kichwa kisipohudumiwa, mvua inagoma na watoto wanaugua. Kanisa lilikuja, tukabatizwa, tukaimba. Lakini mvua ikichelewa, hata mzee wa kanisa anaanza kutazama mlimani kwa jicho la wizi.

Basi minong'ono ikawa makelele. Vichwa vya ugenini, bila pango, bila tambiko, kwenye kopo la chai! Kumbe ndiyo maana ng'ombe wanakufa!

Mwenyekiti wa kijiji, Benedikto, akapanda juu ya gurudumu la lori.

"Ndugu wananchi, Chama hakitambui ushirikina!"

Akashusha sauti.

"Lakini ng'ombe wangu nao wamekufa. Kwa hiyo tunaamua hivi. Ama hizo shaba zinayeyushwa leo hii kwa Sefu mhunzi, ama Aminieli na watu wake hawapati kiwanja. Warudi porini."

Mama akapiga hesabu. Tumbo limeshuka, siku yoyote anajifungua, mume yuko mbali mkongeni, hospitali iko juu Gonja, na huku nyuma nyumba yao imeshabomolewa. Porini maana yake ni kuzalia chini ya kichaka.

Akamwangalia baba yake. Babu alikuwa amepiga magoti anaokota visarafu vyake, anavipuliza vumbi, anavifunga kwenye vitambaa.

"Baba, sema kitu!"

"Niseme nini, mwanangu? Wavichukue. Mjukuu wangu hatazaliwa porini." Akalisukuma kopo kwa Benedikto kama mtu anayetoa jino lake mwenyewe.

Kwa Sefu mvukuto ulikuwa unapulizwa, makaa yamekuwa mekundu. Chungu cha kuyeyushia kimeshawekwa. Watu wamezunguka. Benedikto akafungua kopo.

Jamani, mama yangu ni mpole mpaka anakera. Lakini siku ile alisukuma watu kwa tumbo, akaenda akasimama kati ya kopo na moto.

"Shikamooni wazee. Nina swali moja tu. Hivi ni vichwa au si vichwa?"

"Ni vichwa!" wakajibu.

"Mpare gani anachoma kichwa cha mtu?"

Sefu akaacha kuvuta mvukuto.

"Kama ni vichwa, anayevichoma ajiandae na balaa lake. Kama si vichwa, hii ni mali ya baba yangu, mrudishieni. Chagueni moja."

Wazee wakaanza kutazamana. Mama akadhani kashinda.

Hapo ndipo bibi Rahabu alipojitupa chini, akalia kilio ambacho hakikuwa cha mvua wala cha ng'ombe.

"Ulibeba vya wageni! Aminieli, ulibeba vichwa vya watu usiowajua ukavileta mpaka hapa! Cha Rubeni wangu kiko wapi? Kwa nini cha mwanangu ulikiacha?"

Mama anasema hata makaa yaliyokuwa yanapasuka yaliacha. Hilo mimi namwachia yeye.

Babu akasogea. Akaingiza mkono kwenye kopo, akapapasa bila kuangalia, akatoa kifurushi kidogo cha kitambaa cha kaki. Akapiga magoti mbele ya bibi Rahabu.

"Hiki ndicho cha kwanza kabisa," alisema. "Rubeni alikufa kwa homa. Mimi ndiye niliyemchimbia kaburi. Jembe lilipogonga chini, hiki kikatoka na mchanga."

Bibi Rahabu akainua uso.

"Nilijua kichwa chake hakitakuja kufukuliwa na mtu. Nikasema, siwezi kumbeba Rubeni, nitabeba hiki kilichokuwa kimelala pale alipolala. Lakini nikaona kiko peke yake, mama. Na kwetu mtu hakai peke yake. Ndiyo nikaanza kukitafutia wenzake."

Wakuu, kumbe! Miaka yote ile, majogoo yote yale, babu hakuwa anakusanya shaba. Alikuwa anamjengea Rubeni pango.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mama? Umenikabidhi mwana, nikuletee sarafu?"

Bibi Rahabu akakifungua kitambaa. Kisarafu kilikuwa kimelika, uso hauonekani vizuri, pua tu na kidevu. Akakishika kwa mikono miwili, akakiweka shavuni.

Sefu akamwaga maji kwenye makaa. Hakuna aliyemtuma.

Wiki ile ile walipanda mlimani na kondoo na pombe ya dengelua, mpaka kwenye pango la ukoo wa Rubeni. Bibi Rahabu akakiweka kile kisarafu kwa mkono wake kati ya vichwa vya baba zake Rubeni. Benedikto naye alikwenda. Eti alikwenda kama mwananchi wa kawaida, siyo kama Chama.

Mvua? Haikunyesha, msije mkaniita mwongo. Njaa ya mwaka ule tuliila wote.

Lakini kiwanja tulipata, jirani na bibi Rahabu, na ndiye aliyenipokea nilipozaliwa. Akauliza kama anaweza kunipa jina. Hakuna aliyemuuliza jina gani.

Kopo ninalo mimi sasa. Jumapili natoa mafuta ya ufuta na mwiba, na mke wangu ananuna kama bibi alivyonuna. Kati ya vile vitambaa kuna kimoja cha kaki, kitupu. Sikitupi.

Ninalowaachia ni hili: ukimkuta mtu amekumbatia kitu usichokielewa, kabla hujawasha moto, muulize kwanza alikitoa wapi.

Ni mimi, Rubeni wa Kisiwani.