Mia Moja kwa Kichwa

Kila meli ya watalii inapotia nanga Bandari ya Sultan Qaboos hapa Maskati, kaka yangu hutaka apelekwe Mutrah akaonane na Waingereza. Siku nyingine abiria ni Wajerumani watupu, lakini kwake yeye kila mzee wa Kizungu mwenye kaptura ni Muingereza, na kila Muingereza lazima amjue yule mchezaji wa mpira anayempenda yeye. Binti yake hushinda ofisini, kwa hiyo kazi ya kumpeleka ni yangu. Nina miaka karibu themanini na bado naendesha gari mwenyewe, wapende wasipende wanangu. Namchukua kwao Ansab asubuhi, kanzu yake imepigwa pasi, kofia imenyooka, na njia nzima ananiita bi mkubwa. Mimi ni mdogo wake kwa miaka mitano. Mwanzoni nilikuwa nikimsahihisha kila mara, mpaka nikachoka.

Kizungu hakijui. Tangu utotoni mkalimani wake nimekuwa mimi, na ubaya wote ulianzia hapo.

Huyo mchezaji alikuwa mshambuliaji wa kati, wa enzi zile za mpira wa ngozi uliofungwa kwa kamba, sisi tukiwa watoto Unguja. Baba alikuwa karani, na bwana wake wa Kizungu alipomaliza majarida yake alimpa yeye. Jarida moja la mpira lilikuwa likitoa maisha ya mtu huyo kipande kwa kipande. Mtoto wa mchimba makaa, kaanza kwa kupiga kopo uchochoroni, kateremshwa mgodini hajaota ndevu, kaonwa na klabu ya mji wake, kapelekwa jeshini, karudi, kavaa jezi namba tisa. Mabao yake mengi aliyafunga kwa kichwa. Kaka alikuwa ameacha skuli mapema akauze dukani kwa mjomba. Alikata picha moja ya mtu huyo akaibandika ukutani juu ya kitanda chake: mvua inanyesha, uwanja tope tupu, mpira uko kwenye kipaji cha uso na macho kayafumba.

Msomaji nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nasoma skuli ya wasichana, na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji tu, lakini nyumbani kwetu hakuna mtoto mwingine aliyekuwa nacho hata hicho. Neno nisilolielewa nililiruka. Nikiruka mengi hadithi iliingia matundu, basi niliyaziba kwa akili yangu mwenyewe. Hayo naweza kujisamehe. Nisiloweza kujisamehe ni lile nililolifanya kwa makusudi.

Mwaka ule nilikuwa nimeshaanza kuwekwa ndani. Skuli na nyumbani, nyumbani na skuli. Kaka, aliyekuwa akicheza nami tangu najifunza kutembea, sasa akitoka dukani kila alasiri huchukua mpira akaenda zake kiwanjani, na mimi hubaki uani nikichambua mchele na kusikia kelele za wenzake zikija juu ya ukuta. Niliona wivu. Basi siku moja nilikaa naye, jarida mapajani, nikamsomea kwa sauti ya mtu mwenye uhakika kwamba Muingereza yule mazoezi yake hayafanyi kiwanjani. Anayafanya nyumbani, uani. Mpira anauloweka ndooni usiku kucha ili uwe mzito kama siku ya mvua, halafu mdogo wake wa kike anamrushia, naye anaupiga kwa kichwa. Mara mia, kila siku.

Hapakuwa na hata neno moja la hayo. Ukurasa ule ulikuwa ukieleza baridi ya kwao na jinsi viwanja vinavyoganda.

"Mara mia?" kaka aliuliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa," nilimjibu.

Aliinuka pale pale akaenda kutafuta ndoo.

Nilimrushia kwa miaka mitatu. Nilisimama karibu na kisima, yeye ukutani, na nilihesabu kwa sauti huku maji yakiruka kwenye ngozi kila mpira ulipompiga. Ule mpira ukishalowa, mimi niliunyanyua kwa mikono miwili na pumzi. Kamba zake zilimchana kipaji, mama akawa anamtia binzari na kunigombeza mimi. Sijapata kuwa na furaha kama ile tena, wala siku ya harusi yangu, wala nilipozaa, na naliandika hili kwa aibu. Kaka alikuwa wangu peke yangu tangu alasiri mpaka adhana ya magharibi.

Na kweli alipanda. Kwanza timu ya mtaa, kisha timu kubwa ya mjini. Watu walikuja kutuamkia kwa ajili yake. Walisema hawajaona mtu anayeruka vile na kukaa hewani vile, na yeye aliwaeleza wote kwa fahari siri ya ndoo na mpira, na wengine wakaiga.

Lakini alikuwa akirudi ndani anajilaza gizani, kitambaa cha maji usoni, hataki mtu aseme. Siku moja alitapika. Nilikaa pembeni ya kitanda, chini ya ile picha, akaniuliza taratibu, "Hebu nitazamie kwenye jarida. Na yeye kichwa kinamuuma hivi?"

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nililifungua jarida, nikajifanya natafuta kwa kidole, nikamwambia, "Kilimuuma mwanzoni. Sasa kazoea."

Kesho yake aliniita uani kama kawaida.

Baadaye tulihamia huku Maskati na maisha yakatuchukua, kila mtu na kazi yake na watoto wake. Kaka alicheza na vijana wa huku mpaka magoti yalipokataa. Sikuifikiria ile ndoo kwa miaka mingi. Kisha alianza kupotea njia ya msikiti, akaanza kuuliza mkewe yuko wapi wakati tulishamzika, na binti yake akampeleka hospitali. Mimi nilikwenda nao. Daktari alitaka kujua kama aliwahi kupigwa sana kichwani, labda ngumi, labda ajali. Binti yake alicheka kwa fahari, akasema baba alikuwa mshambuliaji, bingwa wa vichwa. Daktari aliandika kitu. Alisema huenda ni mpira, huenda ni umri tu, hakuna wa kujua. Nililishika lile neno huenda kwa mikono miwili. Nililala nalo na kuamka nalo kwa miaka miwili.

Mwezi uliopita niliporwa hata hilo. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la kornishi, ile barabara ya ufukweni, meli imejaa mbele yetu, na mzee mmoja Muingereza aliyeshikilia fimbo akaja kupumzika ubavuni mwetu. Kaka alinigusa kiwiko.

"Bi mkubwa, hebu muulize. Yule namba tisa wao yuko wapi siku hizi? Bado anacheza?"

Swali hilo nimeshalitafsiri mara nyingi mno. Wageni hutabasamu, hawamjui, wanakwenda zao. Huyu nilipolitaja jina alishtuka, akacheka, akasema babake alikuwa akimbeba mabegani kwenda kumtazama. Kisha kicheko kilimtoka. Alisema yule namba tisa alipoacha mpira alifungua kiduka cha magazeti katika mji ule ule. Alianza kusahau kurudisha chenji, kisha njia ya dukani, kisha mkewe. Alifia katika nyumba ya wazee, hajui hata kwamba aliwahi kucheza. Jamaa zake wanasema ni ule mpira, ulikuwa ukinywa maji ya mvua. Yule mzee aligonga kipaji chake mwenyewe kwa vidole viwili.

"Kasemaje?" kaka aliuliza. Uso wote ulikuwa ukimng'aa.

"Anasema mzima," nilimwambia. "Anakusalimu sana."

"Nlijua tu mie," alisema, akampa Muingereza mkono.

Njia yote ya kurudi Ansab nililia nikiendesha, na kaka alinipa leso yake akinipa pole kwa msiba wangu. Hakuuliza ni msiba wa nani. Nilikuwa nikifikiri kwamba yule Muingereza mvua ilimnyeshea tu, hakuitaka. Kaka yangu mvua yake niliitia mimi kwenye ndoo, kila jioni, kwa mikono yangu, kwa sababu nilikuwa mpweke.

Binti yake alikuwa bado hajarudi kazini. Nilimkalisha kwenye kiti chake, nikakaa chini miguuni pake, nikayashika magoti yake mawili.

"Kaka, nisikilize. Ile habari ya ndoo niliitunga mimi. Haikuandikwa. Zile mara mia, mdogo wake kumrushia, kichwa kuzoea, yote uwongo. Nlitaka ubakie nyumbani ucheze na mie. Nimekuua kaka yangu. Nisamehe."

Alinitazama kwa adabu, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Na mimi mjinga nilitumaini.

"Bi mkubwa, usiseme maneno hayo," alisema mwishowe. "Hayo nlisomewa na mdogo wangu mwanamke. Anajua Kizungu yule. Mdogo wangu hawezi kunidanganya mimi."

"Yuko wapi huyo mdogo wako?" nilimuuliza.

"Yuko uani ananingoja. Keshauloweka mpira."

Kisha alinitaka radhi, akaitoa mikono yangu magotini pake mmoja mmoja, akainuka amfuate.