Video ya Mwalimu Nelius

Mwalimu Nelius amefundisha gredi ya kwanza shuleni kwetu, juu kidogo ya Runyenjes, tangu wazazi wa wanafunzi wake wa leo wakiwa watoto. Ana sauti ya kuamsha kijiji na moyo laini, ingawa hili la pili hataki lisemwe.

Video tulizianza mwaka jana. Kila Ijumaa baada ya masomo, mwalimu mmoja huonyesha somo lake lililorekodiwa kwa simu, nasi tunalitazama pamoja tukila nduma na chai. Sheria ni moja: mwenye video ndiye husema kwanza. Nelius alitukwepa muhula mzima, eti simu yake imejaa. Imejaa kweli, picha za wajukuu.

Aliyemlainisha ni Rwamba, msichana mgeni anayeishi na nyanya yake aliyehamia huku kutoka Mbeere. Tangu aje, hakuwa amemjibu Nelius hata neno. Nyanya aliapa kwamba nyumbani mtoto huongea hadi na mbuzi, lakini Nelius aliona ni mapenzi tu yanamdanganya. Akakata shauri amshauri nyanya ampeleke Rwamba shule ya bweni ya watoto wasiosema. Uamuzi huo ulimkosesha raha, ndipo akamwomba Njoka, mwalimu wa gredi ya pili, amrekodi akifundisha.

Tukatazama. Nelius anauliza, Rwamba anaangalia dawati. Nelius anageuka kuandika ubaoni huku akiendelea kunguruma, na midomo ya Rwamba inacheza. Njoka akaongeza sauti. Chini kwa chini tukasikia jibu, na lilikuwa sahihi. Swali lililofuata, vilevile.

Njoka, ambaye ulimi wake hauna breki, alishika kikombe akanyamaza. Sheria ni sheria.

"Amekuwa akinijibu," Nelius alisema mwishowe. "Ni mimi nilikuwa sisikii."

Akalia mbele yetu bila kujificha, nami nikampenda kuliko siku zote.

Jumatatu nyanya, aliyekuwa ameshaitwa kuzungumzia shule ya bweni, alifika amevaa nguo za kanisani, amejiandaa kwa habari mbaya. Nelius akamwomba asimame nami dirishani. Akaingia darasani, akamuuliza Rwamba mbili na tatu ni ngapi, akageukia ubao na kunyamaza, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Tano, mwalimu."

Nelius hakugeuka. Akauliza lingine, kisha lingine. Nyanya alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili, akaniuliza kwa Kimbeere kama jioni atakuja kumchukua mtoto.

"Ndio, cucu," nikamwambia nyanya kwa lugha yake. "Kila jioni."